Sanduku la Mgodini

Pembeni ya mlango wa maabara ya kompyuta shuleni kwetu kulikuwa na ubao wenye misumari arobaini na mbili, na kila msumari ulikuwa na mwenyewe. Ukiingia unachukua kwenye kopo kisoda chako, yaani kizibo cha chupa ya soda kilichogongwa kikawa bapa na kuandikwa namba, unakitundika. Ukitoka unakitoa. Mwalimu wa Maabara hakufunga mlango mpaka misumari yote iwe mitupu. Siku moja Masanja alitoka akasahau chake, akaenda zake uwanjani. Mwalimu akamfuata mpaka golini, mechi ikasimama.

"Namba kumi na tisa, wewe bado uko chini."

"Niko golini, Mwalimu."

"Kwa mujibu wa ubao uko chini. Njoo utoke."

Masanja akarudi, akakitoa kisoda, ndipo mpira ukaendelea. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilicheka kimoyomoyo, maana hata kucheka huwa nacheka hivyo. Namba yangu ilikuwa thelathini na moja.

Hakuwa mwalimu wa kusomea. Alikaa miaka mingi kwenye mgodi wa dhahabu, si kuchimba, bali kwenye chumba cha kompyuta, na mgodi ulipofungwa ndipo shule yetu ya hapa Kahama ikampata kwa mkataba. Mgodini, alituambia, kila anayeshuka chini hutundika kibati chenye namba yake. Zamu ikiisha na kibati kikabaki, basi kuna mtu kabaki, na hakuna anayekwenda nyumbani. Sisi maabara yetu ilikuwa chumba cha kawaida kabisa, kina madirisha manne, na ukitaka kutoka hata dirishani unatoka. Lakini yeye alisema "kushuka" na "kupanda" mpaka na sisi tukazoea. "Leo tunashuka kipindi cha ngapi?" tulikuwa tunaulizana.

Alivaa viatu vya chuma puani na koti la rangi ya chungwa lenye mistari inayong'aa. Koti hilo alilivaa hata paredi, hata siku ya mahafali, akawa anaonekana kutoka barabarani. Kwa hiyo nyuma ya mgongo tulimwita Reflekta. Nadhani alijua. Kuna siku Masanja aliliropoka jina hilo mbele yake, akamjibu bila kukasirika, "Afadhali kuitwa Reflekta kuliko kuitwa marehemu."

Na mtu huyo huyo alipanda pikipiki bila kofia. Ukimshangaa anasema, "Kichwa changu hakina nakala, lakini pia hakina cha kupotea." Alitufundisha kunawa mikono kabla ya kugusa kibodi, halafu yeye anakula karanga juu ya mashine namba moja, anapuliza maganda kwa mdomo. Alikuwa mpole kwa kompyuta kuliko kwa watu. Kila mashine ilikuwa na nguo yake ya kitenge aliyoshonewa na mkewe, kwa sababu ya vumbi letu hili, na mtu akiivuta kwa nguvu anaambiwa, "Taratibu, unamvua mgonjwa."

Kipindi chake kilianza tukiwa tumesimama duara. Hiyo nayo aliitoa mgodini. Anauliza, "Nani ana jambo la usalama?" Mtu anasema waya wa mashine ya sita umechubuka, anaitikia, "Vizuri, nimesikia." Wengine walileta utani.

"Mwalimu, njaa."

"Njaa si hatari, njaa ni ratiba. Mwingine."

Halafu kila siku, neno kwa neno, alimalizia hivi: "Mtu yeyote, awe meneja, awe mfagizi, akiona hatari anainua mkono na kusema simama. Kazi inasimama. Haulizwi cheo, haulizwi umri." Kwetu sisi maneno hayo yalikuwa ya ajabu. Nyumbani kwetu mtoto wa kike anapiga goti kumsalimia hata mgeni anayepita, na mkubwa akikosea njia unamfuata mpaka aione mwenyewe. Kumwambia mkubwa simama, hiyo sikuwahi kuisikia.

Mara moja tu mkono uliinuliwa. Alikuwa Masanja huyo huyo. Alisema "Simama!" kwa sauti ya askari, na Mwalimu papo hapo akaondoa mikono yake kwenye mashine na kuipandisha juu, akatuamuru na sisi tufanye hivyo. Tukakaa mikono juu kama tumevamiwa.

"Namba kumi na tisa, umeona nini?"

"Mwalimu, nimebanwa. Naomba kwenda chooni."

Mwalimu hakucheka. Alizima mashine zote, akakagua nyaya moja moja, kipindi kikaisha. Mwisho akampa Masanja mkono. "Umefanya vizuri. Bora kusimama bure kuliko kutosimama." Alikuwa anamaanisha. Lakini darasa halikumsamehe. Muhula mzima Masanja akipita bwenini au kwenye foleni ya ugali watu walikuwa wanapandisha mikono: "Simama! Masanja kabanwa!" Yeye alikuwa anacheka nao, ngozi yake ni ngumu. Mimi niliandika kwenye shajara yangu usiku ule kwamba mimi kamwe sitainua mkono. Niliupigia mstari.

Sasa Sanduku. Siku vitu vya mgodini vilipopigwa mnada, wenzake walinunua viti vya kuzunguka na majokofu. Yeye alinunua mashine ya kuhifadhi nakala kwenye kanda, ndiyo hiyo tuliyoiita Sanduku. Lilikuwa la kijivu, zito, ukubwa wa mkate mkubwa, na mbele lina mdomo wa kumezea kanda zinazofanana na zile kaseti za wazee. Likifanya kazi linanguruma, linanyamaza, linanguruma tena, kama ng'ombe anayecheua. Likinguruma sisi tulitakiwa kunyamaza kabisa. Hapo ndipo palipokuwa na kitu nisichokielewa kwake: mtu aliyetufundisha kupaza sauti alikuwa na saa moja ambayo hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Alikuwa na sababu ya kulipenda. Alitusimulia mara nyingi jinsi radi ilivyopiga mgodini masika fulani, kompyuta zote zikaungua, na kumbukumbu za watu wote walioshuka zikapotea, nani yuko wapi, nani ana ugonjwa gani. Siku ya tatu Sanduku lile lile likarudisha kila jina. "Halikuacha hata mmoja," anasema, na hapo sauti yake ilikuwa inapungua kidogo. Flashi hakuzitaka. "Flashi ni kama mswaki, haiazimwi." Alizinyang'anya na kuzitia kwenye droo. Msemo wake mwingine uliandikwa ukutani kwa mkono wake: NAKALA MOJA NI BAHATI, MBILI NI MATUMAINI, TATU NDIYO KAZI.

Na kwa miaka miwili Sanduku halikumwangusha, kwa sababu lilifungwa kwenye mashine namba moja, ile kongwe kuliko zote, na programu kongwe vilevile. Mambo yalibadilika tulipoingia kidato cha nne. Shule ilipata programu mpya ya kutunza alama, ikawekwa kwenye kompyuta mpya. Mwalimu akatafuta waya wa kuunganisha, na waya wa kuunganisha ule waya, akalifunga Sanduku la zamani kwenye kompyuta mpya. Mimi nilikaa mashine ya jirani, kwa sababu hakuna mwingine aliyependa kukaa karibu na mwalimu. Nilikuwa naona kioo chake chote.

Kila alipoagiza programu ipeleke nakala kwenye Sanduku, yalitokea maneno ya Kiingereza katika kisanduku cha njano. Kwa Kiswahili yalisema kwamba kifaa hiki cha nakala hakikubaliki na programu hii, na ukiendelea faili zinaweza kuharibika. Yeye alibonyeza "Endelea" kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Nilimsikia akijisemea, "Sauti ya muuzaji hiyo. Wanataka ununue la kwao." Sanduku lilinguruma, kioo kikaganda, programu ikajifunga yenyewe.

Mara ya kwanza alisema ni umeme. Mara ya pili alisema ni vumbi, akakiondoa kile kitenge akakifua. Mara ya tatu alisema kanda imechoka. Kila mara aliiwasha upya, na kwa bahati faili likafunguka. Mimi sikusema kitu. Niliandika tu, maana ndiyo kazi yangu. Kurasa hizo ninazo mpaka leo:

Jumanne. Imejifunga. Sanduku lilikuwepo.
Alhamisi. Haikujifunga. Sanduku halikuwepo, kanda zote zimejaa.
Jumatatu. Imejifunga. Sanduku lilikuwepo.
Jumatano. Umeme umekatika tukiwa kipindini, ukarudi. Haikujifunga. Sanduku halikuwepo.

Mtoto wa darasa la tatu angeona. Lakini yeye hakuwa na ukurasa huo, nilikuwa nao mimi.

Wiki ya kutuma alama endelevu ilifika. Hizi ni alama za majaribio ya darasani zinazotangulia mtihani wa taifa, na bila hizo matokeo ya mtu yanakuwa na pengo. Zilitakiwa ziwe zimeondoka Ijumaa ya wiki iliyofuata. Walimu walikuwa wanaziingiza wenyewe pale maabara, moja kwa moja kwenye kompyuta. Ni Mwalimu aliyewazuia kutumia karatasi, kwa sababu karatasi huliwa na mchwa. Jumatano kila kitu kilikuwa kimekamilika. Alitusimamisha duara, akauliza jambo la usalama, hakuna aliyekuwa nalo. Tukakaa, akatia kanda ya kwanza.

Maneno ya njano yakatokea.

Naandika kama ilivyokuwa. Mkono wangu ulitoka kwenye paja ukafika usawa wa meza. Nilimwona Masanja mbele yangu, kisogo chake, na nikaisikia ile "Simama!" ya foleni ya ugali. Mkono ukaendelea kupanda, lakini ukaenda kukuna sikio. Mwalimu akabonyeza "Endelea."

Ilijifunga. Akaiwasha upya, na safari hii faili halikufunguka. Akatia kanda ya juzi, ikajifunga. Akatia ya wiki iliyopita, ikajifunga. Alikuwa na nakala tatu kama ukuta unavyosema, lakini zote zilipita mlango mmoja, na mlango ule ndio uliokuwa mbovu. Alikaa akitazama kioo, mikono yake ameipandisha juu, mbali na mashine, kama alivyotufundisha. Mimi niliinuka nikatoka mbio bila ruhusa. Kisoda changu nilikiacha msumarini.

Kesho yake Mkuu wa Shule, Madam, alifunga maabara kwa kufuli lake mwenyewe. Paredi Mwalimu alipewa nafasi ya kuongea. Nilitegemea aseme umeme, au vumbi.

"Alama zenu zimepotea," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa zamu. Naomba kila mwenye karatasi ya jaribio, hata iliyochanika, anisaidie. Nitakuja kuifuata nyumbani."

Na kweli alikuja. Siku nane alizunguka na pikipiki, koti la chungwa, kichwa wazi. Karatasi nyingine zilikuwa zimefungiwa karanga, nyingine zimewashiwa moto. Kwa akina Masanja alikuta jaribio la Fizikia limebandikwa ukutani kuzuia udongo usimwagike, likabanduliwa kwa maji ya moto. Kwetu alifika asubuhi. Bibi yangu alikuwa anapepeta mpunga.

"Mwangaluka, Bibi," alisalimia Kisukuma, akainama kabisa.

"Mwangaluka, ng'wana wane, mwanangu. Umekuja na koti la barabarani, kwani barabara inapita huku?"

"Haipiti, Bibi. Nimekuja kuomba."

Nilimletea bahasha. Majaribio yote, tangu kidato cha kwanza, kwa mpangilio. Mimi situpi kitu. Aliyapekua taratibu, akanitazama. "Wewe ungefaa mgodini," alisema.

Hapo palikuwa na nafasi ya pili. Daftari langu lilikuwa ndani, hatua kumi na mbili. Bibi aliniambia, "Mbona umesimama kama mti, mletee Mwalimu maji." Nikaleta maji. Alikunywa, akashukuru, akaondoka.

Alama ziliondoka Ijumaa, karibu zote. Watu wachache walijaziwa kwa makadirio ya mwalimu wa somo, na Masanja alisema waziwazi kwamba kwenye Hisabati makadirio yalimpendelea. Hakuna aliyefeli kwa sababu hiyo, kwa ninavyojua. Lakini mkataba wa Mwalimu ulipoisha mwezi wa kumi na mbili, haukuongezwa. Kilichosemwa ni kwamba alifanya uzembe na hata sababu yake hakuweza kuieleza. Hiyo ya pili ndiyo iliyoniumiza. Sababu ilikuwa kwenye mfuko wangu wa madaftari.

Watu walimsahau upesi. Siku moja Masanja alisema, "Ila yule mzee alinishika mkono, mnakumbuka? Hakuna mwalimu mwingine aliyewahi kunishika mkono." Halafu akabadilisha mada.

Mwaka huu, nikisubiri kwenda kidato cha tano, nilikwenda Buseresere kwa shangazi yangu. Nilihitaji kutoa kopi ya fomu za kujiunga na shule. Shangazi akanielekeza kwenye chumba kimoja kando ya barabara ya Biharamulo, mlangoni pameandikwa kwa rangi: KUCHAPA, KUTOA KOPI, KUTUNZA NAKALA. Nikaliona koti kabla sijamwona mwenyewe. Limetundikwa kwenye kiti, limepauka mabegani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinyanyua macho. "Thelathini na moja! Umerefuka. Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Subiri kidogo, nimhudumie mama huyu."

Mama huyu alikuwa katibu wa kanisa, na kompyuta yake ndogo ilikuwa mezani, imefunguliwa. Alinieleza bila kuulizwa, kama wanavyofanya watu wakisubiri. Kitabu cha kanisa cha ubatizo na ndoa kililiwa na mchwa. Kabla hakijaisha walikaa miezi mitatu wakikinakili kwenye kompyuta, mpaka majina ya watu waliokwisha kufa. "Humu ndimo kanisa zima lilimo," alisema akiipigapiga. "Hakuna pengine. Ndiyo nimeambiwa hapa kuna mzee anatunza."

Pembeni ya kompyuta lilikuwa Sanduku, na waya wake, na waya wa kuunganisha wa ule waya. Mwalimu alitia kanda. Akasema, "Sasa mama, tunyamaze kidogo." Kwenye kioo likatokea kisanduku cha njano. Maneno si yale yale neno kwa neno, lakini yalikuwa ndugu zao. Kidole cha Mwalimu kilikuwa tayari kinashuka.

Mkono wangu ulipanda. Ulipita sikio.

"Simama," nilisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye mafua.

Mwalimu akaondoa mikono yake, akaipandisha juu yote miwili. Katibu wa kanisa alitutazama, kisha na yeye akapandisha ya kwake, nadhani kwa woga.

"Kazi imesimama," alisema Mwalimu. "Namba thelathini na moja, umeona nini?"

Nilimwambia. Daftari sikuwa nalo, lakini ukurasa ule niliusoma mara nyingi mno kuhitaji daftari. Jumanne, lilikuwepo. Alhamisi, halikuwepo. Jumatatu, lilikuwepo. Jumatano, umeme ulikatika na haikujifunga. Nikamtafsiria na maneno ya njano, yote, mpaka nukta. Alisikiliza mikono ikiwa bado juu.

"Si umeme," alisema.

"Si umeme, Mwalimu. Wala vumbi. Ni Sanduku lenyewe. Programu hizi mpya hazilijui."

"Na Jumatano ile ya mwisho, maneno haya yalitokea?"

"Yalitokea."

"Uliyaona?"

"Niliyaona. Nikakuna sikio."

Akashusha mikono, akaiweka mapajani. Hakusema ni sawa, na wala hakunilaumu. Alichomoa waya wa Sanduku, kwanza ule wa kuunganisha, kisha wenyewe, akauzungushia mkononi taratibu kama mtu anayemvua mgonjwa.

"Jamani," alisema katibu, "mimi nina kikao saa nane."

Mwalimu alinyanyuka, akausogeza mlango wa chumba ulioegemea ukuta. Nyuma yake kulikuwa na ubao wetu. Misumari arobaini na mmoja ilikuwa mitupu, na kwenye mmoja kulikuwa na kisoda, kimeanza kushika kutu.

"Niliomba niondoke nao," alisema. "Wakaniambia chukua, ni ubao tu."

"Mwalimu, si ulijua nilishatoka?"

"Nilijua. Lakini kwa mujibu wa ubao ulikuwa bado chini."

Hakukigusa. Alisogea pembeni akanipisha, nikaenda, nikakitoa mwenyewe. Kiliacha alama ya mduara kwenye mbao. Nilikishika mkononi, na Mwalimu akarudi mezani, akaketi, akapangusa maganda ya karanga kwa kiganja.

"Mama," alimwambia katibu wa kanisa, "una flashi?"

"Ninayo, ila ina nyimbo za kwaya."

"Ilete hivyo hivyo."